Uyoga wa jangwani: maswali niliyoulizwa dirishani

Mvua zilikuwa ndio zimekolea. Mama mmoja anayelima viazi Uyole aliingia katika duka la dawa ninalofanyia kazi, Mwanjelwa, Mbeya, akafungua fundo la kanga na kuniwekea mbele kipakiti cha unga wa kahawia. Nailoni ya kawaida tu, mdomo umebanwa kwa moto wa mshumaa. Nje imebandikwa karatasi ya fotokopi yenye picha ya ngamia, maneno "Uyoga wa Jangwani", na orodha ya magonjwa iliyoanzia presha ikaishia kwenye mikosi. Muuzaji alipita na gari lenye spika, akatangaza kwamba wazungu wamegundua dawa ya kansa, sukari na figo kwenye kuvu za jangwani. Mume wa mama huyo yuko kwenye vidonge vya presha mwaka wa nne sasa.

"Mwanangu, nikimpa huu, vile vidonge si aache?"

Nilimwambia asiache hata kidonge kimoja. Kilichonipa tabu ni sehemu iliyofuata, maana sikuweza kumwambia kwamba muuzaji amesema uongo mtupu. Dawa kadhaa zilizopangwa kwenye rafu nyuma yangu zilianzia kwenye kuvu, na jangwani watafiti wamekuta mambo ambayo hata mimi yananisisimua. Uongo wenyewe ulikuwa umepakwa ukweli juu, kama andazi lililopakwa sukari. Tangu siku hiyo maswali hayajakoma. Haya hapa, na majibu niliyoyatoa. Mengine nimeyarefusha, kwa sababu siku ile foleni ilikuwa inanisukuma.

Kuvu, ukungu, fangasi na uyoga ni kitu kimoja?

Ni ukoo mmoja. Ukungu wa kwenye mkate, hamira ya maandazi, fangasi za katikati ya vidole vya miguu, na uyoga unaouzwa kwa sado kando ya barabara kuu ukitoka Iringa kuja Makambako msimu wa mvua, wote ni kuvu. Uyoga wenyewe ni kama tunda. Anayechuma uyoga kwenye miombo amechuma embe. Mwembe umebaki chini, nao ni nyuzi nyembamba kuliko unywele zilizotandaa kwenye udongo, majani yaliyooza na mizizi ya miti.

Kuna jambo moja hapa linaloeleza mengine yote. Kuvu haina mdomo wala tumbo. Inatema vimeng'enya nje, vinavunja chakula palepale kilipo, kisha inanyonya kile kilicholainika. Yaani inapika nje, sufuria wazi, na kila bakteria aliye jirani anasikia harufu. Asiyeweza kufukuza wadokozi atalala njaa. Kwa hiyo kuvu nyingi hutengeneza kemikali za kujilinda: nyingine huua bakteria, nyingine huzuia kuvu wenzake, nyingine hutumika kuelewana na mmea unaozihifadhi. Hizo kemikali ndizo tunazoziwinda.

Ni dawa gani hapa dukani zimetoka kwa kuvu?

Anza na amoksilini, hii ya kapsuli ambayo kila nyumba imewahi kuwa nayo. Ni mtoto wa penisilini. Septemba 1928 Alexander Fleming alirudi kutoka likizo kwenye maabara yake London, akakuta sahani aliyooteshea bakteria imeingiwa na ukungu, na kuuzunguka ukungu ule bakteria wamekufa. Kisha ikapita zaidi ya miaka kumi kabla Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley wa Oxford hawajafanikiwa kuitoa ile kemikali ikiwa safi kiasi cha kumchoma mtu sindano. Watatu kati ya hao, yaani Fleming, Florey na Chain, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Heatley, aliyebuni namna ya kuikamua, hakupata. Mimi bado inaniuma kwa niaba yake.

Seftriaksoni ya sindano nayo ni ya ukoo wa dawa zilizoanzia kwenye kuvu ambayo Giuseppe Brotzu aliikuta mwaka 1945 mahali maji taka yanapomwagika baharini, Cagliari, Italia. Simvastatini ya kushusha lehemu ina historia ndefu zaidi. Akira Endo wa Japani alipekua takriban aina 6,000 za kuvu, akapata aliyoitaka mwaka 1973 kwenye ukungu wa mchele. Ile ya kwake haikufika sokoni, lakini ndugu yake lovastatini, iliyotoka kwenye kuvu iitwayo Aspergillus terreus, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Likumbuke jina hilo, tutakutana nalo jangwani. Wakunga wanaijua ergometrini ya kuzuia damu baada ya kujifungua; asili yake ni kuvu inayoshambulia nafaka.

Ninayoipenda kuliko zote ni griseofulvini, vidonge tunavyowapa watoto wenye mashilingi kichwani. Mashilingi ni fangasi. Griseofulvini ilipatikana mwaka 1939 kutoka kwa kuvu. Dawa ya fangasi imetoka kwa fangasi! Ukikumbuka habari ya wadokozi na sufuria, haishangazi.

Na ile dawa ya usubi tunayogawiwa Tukuyu?

Hapana. Ivermektini ilitoka kwa bakteria wa udongoni aliyepatikana Japani, na Satoshi Ōmura alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Udongo una wapishi wengi, si kuvu peke yake.

Sasa jangwani kuna nini cha pekee?

Fikiria ukame wa Pawaga, kule bondeni Iringa vumbi linapoingia hadi kwenye chai, halafu uongeze. Jangwa la Sonora liko mpakani mwa Marekani na Meksiko. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, mvua ni chache, na jua linachoma kwa mionzi ya urujuanimno inayoharibu vinasaba. Kiumbe kinachoishi hapo hakina chakula cha kuchezea. Tone la maji likianguka, kila mmoja anakimbilia palepale. Kuvu nyingi za jangwani hujichora rangi nyeusi kwa melanini, kemikali ya jamii moja na ile inayoipa ngozi yetu weusi, kujikinga na jua. Nyingine zimehamia ndani ya mimea au kwenye udongo unaogusana na mizizi, ambako kuna unyevu kidogo na sukari ya kuombaomba.

Chuo Kikuu cha Arizona kiko katikati ya jangwa hilo. Hapo kikundi cha mwanakemia Leslie Gunatilaka (mzaliwa wa Sri Lanka, yule wa spika na "wazungu" wake asamehewe) kilianza kukusanya kuvu za kwenye mizizi na mashina ya mimea ya Sonora, kuziotesha maabara na kuangalia zinatema nini. Mwaka 2004 walitoa taarifa ya kemikali mpya waliyoiita terrekwinoni A, iliyotoka kwa kuvu ya kwenye mizizi ya kichaka kiitwacho ambrosia, nayo huua seli za kansa kwenye vyombo vya maabara. Kuvu yenyewe? Aspergillus terreus, aina ileile iliyotupa lovastatini. Kiumbe kimoja, makazi mawili, kemikali tofauti. Ndiyo maana watafiti wanahangaika kwenda mahali pagumu: hawatafuti aina mpya tu ya kuvu, wanataka kuona kuvu inayojulikana inapika nini ikibanwa.

Miaka miwili baadaye wakatoa nyingine mbili: radisikoli, iliyotoka kwa kuvu inayoishi ndani ya mmea wa jangwani uitwao efedra, na monosilini, iliyotoka kwa kuvu ya kwenye mizizi ya dungusi kakati. Radisikoli haikuwa mpya, ilijulikana tangu 1953. Kilichowavutia ni kazi yake, na hapa naomba uvute kigoda, maana ndipo patamu.

Ndani ya kila seli, yako na ya mahindi, kuna protini inayofanya kazi ya kungwi. Protini nyingine zinapozaliwa ni kama wari: hazijui zikae vipi, zijikunje wapi. Kungwi anazishika mkono hadi zinyooke. Wataalamu wanaiita Hsp90. Joto likizidi, protini hulegea na kuharibika umbo, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kwenye kikaango, na hapo kazi ya makungwi inakuwa kubwa. Kungwi huyu ana kazi ya pili: wakati wa utulivu amekalia kengele ya hatari isilie ovyo.

Monosilini, kama radisikoli, humshika kungwi mikono. Akishikwa, kengele inalia, na mmea unaanza kutengeneza protini za kujikinga na joto kabla joto lenyewe halijafika. Mwaka 2007 watafiti hao walionyesha kwamba miche midogo ya maabara iliyooteshwa pamoja na kuvu hiyo ilistahimili joto kali kuliko miche iliyokuwa peke yake. Kwa maneno mengine, huenda kuvu inalipa kodi ya nyumba: mizizi inaipa sukari, yenyewe inauweka mmea macho.

Kansa inaingiaje? Seli ya kansa imejaa protini zilizopinda, zinazofanya kazi kupita kiasi, na bila kungwi zingeporomoka. Inamtegemea kuliko seli ya kawaida. Mshike kungwi, nayo inayumba. Kemikali iliyobuniwa kuusaidia mmea uvumilie jua la Arizona ikawa mada kwenye maabara za kansa.

Basi muuzaji yuko sahihi, kuvu ya jangwani inatibu kansa?

Inaua seli za kansa ndani ya kisahani. Jiki pia inaua seli za kansa ndani ya kisahani.

Radisikoli ni mfano mzuri kwa sababu ilishindwa. Maabara ilikuwa kali mno, kiasi kidogo tu kikafanya kazi. Ilipoingizwa kwenye miili ya wanyama, ikavunjwavunjwa kabla haijafanya lolote la maana, kwa kuwa umbo lake lina sehemu zinazoungana ovyo na vitu vingine mwilini. Wanakemia walibaki na ramani: sasa tunajua kufuli liko wapi, tutengeneze ufunguo usiovunjika. Hiyo ndiyo faida ya kawaida ya kuvu za jangwani. Zinatoa wazo, na kutoka kwenye wazo hadi kwenye kidonge unapita seli, panya, watu wachache wenye afya, wagonjwa makumi, kisha wagonjwa mamia au maelfu. Nyingi zinafia njiani.

Lakini wazee walitumia vitu vya asili bila kuvisafisha. Kwa nini tusile kuvu yenyewe?

Swali hili liliulizwa na kijana wa bodaboda, na nadhani ndilo swali bora katika yote.

Mwaka 1941 polisi mmoja wa Oxford, Albert Alexander, alikuwa anaoza uso kwa maambukizi. Alikuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa penisilini iliyosafishwa. Siku chache tu homa ikashuka, akaanza kula. Tatizo: dawa yote iliyokuwepo, iliyokamuliwa kwa miezi kutoka kwenye ukungu uliooteshwa ndani ya vyombo vya kila namna, ilikuwa ndogo mno. Walifikia kukusanya mkojo wake, wakaitoa dawa iliyopita bila kutumika, wakamrudishia. Ikaisha. Ugonjwa ukarudi, akafariki mwezi Machi. Sasa piga hesabu. Kama vyombo vyote vile vya ukungu havikutosha mtu mmoja, kijiko cha unga kinabeba nini? Tatizo hilo lilipungua Wamarekani walipopata ukungu unaotoa penisilini kwa wingi, kwenye tikiti lililooza sokoni Peoria mwaka 1943, wakauboresha na kuuotesha kwenye matangi makubwa.

Hilo ni la uchache. La pili ni kwamba kuvu haitoi kemikali moja. Inatoa kapu zima, na humohumo kwenye kapu kuna sumu. La tatu, kiasi hubadilika: kuvu ileile, chakula kingine au joto lingine, itapika kitu kingine, kama tulivyoona kwa Aspergillus terreus. Wazee wetu walikuwa waangalifu kuliko tunavyowasingizia, walijua mti upi, msimu upi, nani asinywe. Yule wa spika hakumwuliza mama wa Uyole hata umri wa mzee.

Uyoga wa jangwani wa kweli upo, au ni jina tu la biashara?

Upo, na si mdogo kwa heshima. Kwenye majangwa ya Afrika Kaskazini na Uarabuni, baada ya mvua nzuri, chini ya mchanga huota uyoga wa duara kama kiazi kidogo, Waarabu wanauita kamaa. Huishi kwa kushirikiana na mizizi ya vichaka vya hapo. Watu huutafuta kwa kuangalia ardhi iliyotuna na kupasuka kidogo. Kalahari nako kuna wa kwao, na Wasani wamekuwa wakiuchimba na kuuchoma kwenye majivu ya moto tangu enzi. Ni chakula kitamu cha gharama. Hakisagwi na kuuzwa kwenye nailoni Mwanjelwa.

Sheikh mmoja jirani yangu alinikumbusha hadithi ya Mtume inayosema maji ya kamaa ni dawa ya macho. Ni kweli, ni hadithi inayojulikana sana, na huko Uarabuni ni desturi ya zamani. Maabara pia zimekuta kwamba maji ya uyoga huo yanaweza kuzuia baadhi ya bakteria. Ila nilimwomba, naye alikubali bila ubishi, kwamba asidondoshe jichoni kitu chochote kisichotengenezwa bila vijidudu. Jicho lenye kidonda kwenye mboni likipata fangasi, unaweza kupoteza uwezo wa kuona.

Na kwa kuwa tunalisifia jangwa la Sonora: kwenye udongo wa maeneo hayohayo huishi kuvu nyingine, Coccidioides, inayopeperuka na vumbi na kuingia mapafuni. Homa yake inafanana na nimonia, na wengine huwa mahututi.

Mahindi yangu yameota ukungu wa kijani. Kama penisilini ni ukungu, tukila si tunapata kinga?

Usile, na usimpe kuku. Ukungu wa mahindi na karanga unaweza kuwa Aspergillus flavus, unaotengeneza sumukuvu iitwayo aflatoksini. Kupika hakuimalizi. Ikiingia kwa wingi huharibu ini ndani ya siku chache. Ikiingia kidogokidogo kwa miaka huchangia kansa ya ini. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu. Huku kwetu nyanda za juu baridi na mvua vinaleta aina nyingine za ukungu, Fusarium, wenye sumu zake.

Kinga yake ni kukausha, unyevu usizidi 13.5%. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, uache kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Mbozi nimewaona watu wakicheka jambo hili, kisha kila mtu anakwenda kutafuta chupa.

Ninauziwa kahawa ya uyoga, wanasema inaongeza kinga.

Uyoga wenyewe mara nyingi ni Ganoderma, ule mgumu kama ubao unaoota kwenye magogo, na una historia ndefu China. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, ya mwaka 2012, yaliyorudiwa 2016, hayakupata ushahidi wa kutosha kuufanya tiba ya kwanza ya kansa. Kuhusu kinga kwa jumla, nasema hivi: moja ya dawa kubwa kabisa zilizotoka kwa kuvu, siklosporini, kazi yake ni *kushusha* kinga. Bila dawa za namna hiyo, mwili wa mtu aliyewekewa figo ungeikataa. Muhimbili walipoanza kupandikiza figo Novemba 2017, walisimama juu ya elimu hiyo. Kwa hiyo ukiambiwa "imetoka kwa uyoga kwa hiyo inaongeza kinga", uliza imetoka kwa uyoga upi na inafanya nini hasa.

Natumia ARV. Nikichanganya na unga huu kuna shida?

Hili liliulizwa kwa sauti ya chini, na muulizaji alikuwa ametoka Njombe, mkoa wenye kiwango cha juu kabisa cha maambukizi ya VVU nchini, 12.7% kwa watu wazima katika utafiti wa 2022–2023. Nilimvuta pembeni.

Jibu ni ndiyo, kunaweza kuwa na shida, na mfano naupata kwenye kuvu hizohizo. Simvastatini haichanganywi na ARV zenye ritonavir, kwa sababu ini linashindwa kuivunja, kiasi kinapanda kwenye damu, na misuli inaweza kuanza kuyeyuka na kuziba figo. Hiyo ni dawa safi, yenye kipimo, ambayo daktari anaijua. Unga wa ngamia hakuna anayejua una nini. Endelea na ARV zako kwa saa uliyozoea, na kitu chochote kingine unachotumia, kiwe mizizi au kikombe cha mtumishi, mwambie mhudumu wa kliniki. Hatakugombeza. Akikugombeza, mwambie mwingine.

Uyoga wetu wa msimu una dawa?

Una chakula: protini, madini, nyuzinyuzi, na kitoweo ambacho mimi nikikipata na ugali siulizi nyama. Hiyo inanitosha.

Hatari yake ndiyo inayonifanya niandike marefu. Usimwamini kijana aliyejifunzia kwenye simu. Mfuate bibi anayeujua msitu wake. Kuna uyoga ambao wanasayansi wameupa jina la nchi yetu, Amanita tanzanica, na watu wanaula. Kwenye jenasi hiyohiyo ya Amanita yumo Amanita phalloides wa Ulaya, muuaji mkubwa wa wala uyoga duniani. Kuumenya, kuuchemsha na chumvi, kutumbukiza kijiko cha fedha, kuangalia kama funza wameula: hakuna hata kimoja kinachotofautisha wenye sumu na usio na sumu.

Sumu yake ina hila. Unakula saa moja jioni, unalala vizuri. Kutapika na kuharisha huanza baada ya saa 6 hadi 24. Kisha unapata nafuu, siku ya pili unaweza hata kurudi shambani, huku ini linaendelea kufa. Kwa hiyo mtu aliyekula uyoga wa porini, akaanza kutapika usiku wa manane au kesho yake, asisubiri nafuu na asidanganywe na nafuu. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Mabaki ya uyoga, hata maganda, yafungwe kwenye gazeti, si kwenye nailoni, yaende naye. Wote waliokula sahani moja naye waende pia, hata kama wanajisikia wazima.

Wakija watu kuchukua udongo wetu wa Usangu au Pawaga, tunapata nini?

Mwalimu mstaafu ndiye aliyeuliza, na alikuwa na sababu. Udongo uliotoa kuvu ya siklosporini ulichotwa mwaka 1969 kwenye uwanda wa Hardangervidda, Norway, na mfanyakazi wa kampuni ya dawa ya Uswisi aliyekuwa likizoni. Dawa iliingia sokoni mwaka 1983 ikaingiza fedha nyingi. Enzi hizo hapakuwa na sheria ya kimataifa ya kugawana faida na nchi lilikotoka donge la udongo.

Sasa ipo. Mkataba wa Bioanuwai ni wa 1992, na Itifaki ya Nagoya, inayodai ruhusa ya mwenye mali na makubaliano ya mgawo kabla ya kuchukua, ilianza kutumika 2014. Hapa nchini mtafiti anatakiwa awe na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Akifika kijijini kwenu na mifuko na koleo, mtendaji ana haki ya kukiona, na nanyi mna haki ya kuuliza sampuli zinakwenda wapi. Msimfukuze. Anaweza kuwa kijana wenu wa chuo.

Nitajuaje dawa ya asili iliyosajiliwa?

Iwe na namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, jina na anwani ya mtengenezaji, viambato, kipimo, tarehe ya kuisha. Ukiwa na shaka, au kitu kimekudhuru, ofisi za Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) hupokea taarifa. Ngamia si namba ya usajili.

Yule mzee aliendeleaje?

Kumbe alikuwa ameshaacha vidonge siku nne kabla mkewe hajaja kwangu. Aliona aibu kumwambia. Nilimwomba mama amlete siku ileile. Alikuja na koti lake zito, amekaa wima kwenye kiti, tukapima mara mbili: 182 kwa 104. Kichwa kilikuwa kinamgonga ila alisema ni baridi. Nilimwandikia karatasi aende kwa daktari wake mchana uleule, kwa sababu presha ya namna hiyo ikiachwa inaishia kwenye kiharusi. Alirudishiwa vidonge, kimoja kikaongezwa kiasi. Baada ya wiki tatu ilikuwa 146 kwa 88. Mama sasa ana daftari la shule, kila Jumatatu anaandika namba mbili kwa kalamu nyekundu.

Kile kipakiti kilikaa kwenye droo yangu. Mdomo ule wa mshumaa ulikuwa umeachia upande mmoja, na unyevu wa Mbeya mnaujua. Nilipofungua droo, juu ya unga pameota duara la kijani lenye ukingo mweupe, zuri kweli kwa kuliangalia. Nilikifunga kwenye mifuko miwili na kumkabidhi mkaguzi wa dawa alipopita. Mzee alipokuja kuchukua vidonge vya mwezi uliofuata aliulizia ile karatasi ya ngamia, anataka kumpa mjukuu. Nikamwambia imeshakwenda na mkaguzi.